Kushoto Bagalu, Kulia Bagika

Nyumbani kwa babu yangu, Ibadakuli, kuna kaseti ambayo imeshindwa kumaliza ubishi kwa zaidi ya miaka 30. Ni ya dakika 60, maandishi ya kwenye karatasi yake yamefutika zamani. Ilirekodiwa katikati ya miaka ya 1980, kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno, kwa redio kaseti ya National iliyokula mawe sita na iliyokuwa na maikrofoni moja ndogo, tundu la kama ukucha wa mtoto. Aliyeishika siku hiyo alikuwa babu mwenyewe. Anasema Bagalu walishinda, na kwamba yeye alisimama upande wa Bagalu tangu asubuhi hadi jua linazama. Shemeji yake, kaka wa bibi, ambaye ni Bagika wa kuzaliwa, anasema Bagalu siku ile walibaki wanawachezea mbuzi.

Kila tukikutana, iwe harusi au arobaini, kaseti hutolewa kwenye kabati. Inapigwa. Ngoma, filimbi, vigelegele, manju mmoja, manju wa pili, mbwa anabweka. Vyote vinatoka mahali pamoja, kama nafaka tofauti zilizomwagwa kwenye gunia moja. Ikiisha, kila mtu amesikia kile alichokuja nacho.

Kwa miaka mingi nilidhani tatizo ni uchakavu wa tepu. Siyo. Ili nieleze kwa nini, inabidi kwanza nieleze ngoma yenyewe, halafu historia ya chombo ambacho wapenzi wa fasihi hatukizungumzii kabisa ingawa kinaamua ni fasihi gani ya mdomo itatufikia na kwa sura gani: maikrofoni.

Usukumani, ngoma ya mashindano si tamasha la kundi moja kupanda jukwaani, kushuka, na jingine kufuata. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, moja huku na jingine kule. Jadi inarudisha mpangilio huu karne ya 19, kwa mahasimu wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kujua nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka leo vikundi vingi vya ngoma vinajitambulisha kwa moja ya majina hayo. Kipimo cha ushindi ni umati wenyewe. Watu huenda kule kunakowavutia. Kundi likizembea, mashabiki wake wanahamia kwa jirani. Ndiyo maana Bagika na Bagalu walibuni kila kitu cha kumshtua mtazamaji, kuanzia nyoka na nungunungu hadi vichekesho vya sanamu.

Kwa hiyo habari kuu ya ngoma hii haiko ndani ya wimbo peke yake. Iko kwenye nafasi, yaani nani yuko kushoto, nani yuko kulia, na watu wanaelekea wapi. Ukiondoa kushoto na kulia, umeondoa matokeo. Umebaki na kelele nzuri.

Mashine zilizokuja kurekodi sauti za nchi hii zilikuja na sikio moja. Mwaka 1935 pale Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulianza mradi wa filamu kwa ajili ya Waafrika ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35. Sauti haikuwa kwenye mkanda wa filamu. Iliwekwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kupewa maelezo katika lugha mbalimbali. Mpango huo ulikuwa wa akili na wa bei nafuu, lakini angalia ulichokipa nafasi: sauti ya msimulizi mmoja anayekwambia unachokiona. Maelezo ya namna hiyo hayahitaji kushoto wala kulia.

Miaka ya mwanzo ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo kijana Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, alikuwa mwigizaji nyota. Mwaka 1951 redio ikaanza Dar es Salaam, mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaichukua, ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. RTD ndiyo iliyotulea. Ilirekodi bendi, kwaya, taarabu na ngoma kwa bidii ambayo hatujaishukuru vya kutosha. Ila ilirushwa kwa masafa ya kati na mafupi, na redio ya babu ilikuwa na spika moja. Kurekodi kwa masikio mawili kisha kurusha kwa mdomo mmoja kungekuwa sawa na kumpelekea mtu viatu viwili naye ana mguu mmoja.

Kati ya wote waliopita na mashine, anayenivutia zaidi ni Hugh Tracey. Alikuwa Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, na mwaka 1950 alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi. Tracey hakupenda kusimika maikrofoni na kuiacha. Aliishika mkononi akasogea nayo katikati ya wanamuziki, akiikaribisha kwa mwimbaji, akiiteremsha kwa ngoma, kama mpigapicha anayetafuta sura. Matokeo yake ni safi mpaka leo. Lakini ukisikiliza kwa makini, unasikiliza pia miguu na uamuzi wa Tracey. Yeye ndiye aliyekuchagulia uwe karibu na nani. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Wakati huohuo, mbali na huku, watu wengine walikuwa wanahangaika na swali la nafasi. Inasimuliwa kwamba mhandisi wa EMI, Alan Blumlein, alikuwa sinema na mkewe, akakerwa kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa kioo na sauti yake inatoka upande mwingine. Akamwambia mkewe anajua namna ya kulimaliza tatizo hilo. Desemba 1931 aliomba hataza ya kile tunachokiita leo stirio. Katikati ya miaka ya 1930 alitengeneza filamu fupi za majaribio: watu wanatembea huku wanaongea, treni zinapita kituo cha Hayes, na sauti inawafuata. Alikufa Juni 1942, akiwa na miaka 38, kwenye ajali ya ndege wakati wa majaribio ya rada.

Tatizo la pili lilikuwa umbali. Kwenye filamu, maikrofoni haitakiwi kuonekana, kwa hiyo inakaa mbali na anayeongea, na ikikaa mbali inazoa kila kitu. Mwaka 1939 wahandisi wawili wa maabara za Bell huko Marekani, Mason na Marshall, walichapisha kazi yao kuhusu maikrofoni ya mirija. Kutokana na wazo hilo ikaja maikrofoni ambayo kwa umbo inafanana na mtutu wa bunduki, na kwa Kiingereza ikapewa jina la bunduki hiyohiyo. Mafundi wetu huiita shotigani. Mimi nitaiita maikrofoni ya mtutu.

Inavyofanya kazi si uchawi. Ni bomba jembamba lenye matundu ubavuni, na sikio la mashine limekaa mwisho wa bomba. Sauti inayotoka mbele inapita kwenye bomba lote na kufika kwa pamoja, ikiwa na nguvu zake. Sauti inayotoka ubavuni inaingia kwenye matundu mengi kwa wakati mmoja, na kila tundu lina umbali wake hadi kwenye sikio. Basi inafika vipandevipande, kimoja kimewahi, kingine kimechelewa, na vipande hivyo vinauana vyenyewe kwa vyenyewe. Udhaifu wake ni sauti nzito. Mawimbi ya ngoma kubwa ni marefu kuliko bomba, kwa hiyo hayajali matundu. Yanaingia kutoka upande wowote. Mtutu unaweza kumnyamazisha mpiga soga aliye pembeni, lakini ngoma ya Kisukuma hauiwezi.

Chombo hiki kilileta mapinduzi ya kweli kwenye filamu na utangazaji. Electro-Voice walipata tuzo ya kiufundi ya Oscar mwaka 1963 kwa mtutu wao, na mwaka 1987 Fritz Sennheiser naye akatuzwa kwa MKH 816. Kwa miongo kadhaa ndiyo yalikuwa masikio ya sinema. Ila nayo ilikuwa sikio moja, tena lenye chuki na pembeni.

Kilichobadilisha mambo ni televisheni. Japani ilianza kurusha televisheni kwa stirio mwaka 1978, Ujerumani Magharibi mwaka 1981, Marekani mwaka 1984. Ghafla mtu wa michezo na wa habari akahitaji maikrofoni inayoelekea mbele kama mtutu lakini inayobeba pia kushoto na kulia, na iwe moja, kwa sababu mkono wa fundi ni mmoja. Miaka ya 1980 kampuni ya Neumann ya Berlin ikatoa RSM 190, baadaye 191. Zikafuata nyingine, kama MKH 418 S ya Sennheiser na CSS-5 ya Sanken ya Japani.

Siri ya nyingi kati ya hizi ni wazo la zamani lililomo tayari kwenye hesabu za Blumlein, na ambalo Holger Lauridsen wa redio ya Denmark aliliendeleza. Ndani ya maikrofoni moja kuna masikio mawili. La kwanza ni mtutu wenyewe, unaotazama mbele, tuuite Kati. La pili linatazama pembeni, kushoto na kulia kwa pamoja, lakini linaandika sauti ya kushoto kama jumlisha na ya kulia kama toa, tuliite Pembeni. Ukijumlisha Kati na Pembeni unapata spika ya kushoto. Ukitoa Pembeni kwenye Kati unapata spika ya kulia. Hesabu ya darasa la tatu.

Ila hesabu hiyo ina mkia. Ukizichanganya spika hizo mbili zikawa moja, jumlisha na toa za Pembeni zinafutana zote, inabaki Kati tupu. Watangazaji waliipenda sana tabia hii, kwani mwenye televisheni ya zamani ya spika moja hakupata makorokoro, alipata sauti safi ya mbele. Hakujua kwamba kuna pembeni aliyonyimwa.

Huku kwetu Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara tukangoja hadi mwaka 1994 na kina ITV. Filamu zetu za miaka ya 2000 zilipopamba moto, sauti ilikuwa mtoto wa kambo. Nyingi zilirekodiwa kwa maikrofoni ya juu ya kamera, na ndiyo maana kwenye baadhi yake unasikia jenereta la jirani kuliko maneno ya bibi harusi. Kuhusu ngoma za kwetu, kazi kubwa imefanyika kwa kalamu: Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi zaidi ya 300 za Wasukuma kwenye kitabu chake cha mwaka 2010, na Bujora, nje kidogo ya Mwanza, ambako Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, kila Juni sherehe ya Bulabo inakutanisha vikundi. Maneno yapo, mavazi yapo. Nilichotaka mimi ni uwanja.

Basi Agosti moja nikamshawishi rafiki yangu, fundi sauti wa Mwanza anayeishi kwa kurekodi harusi, aazime maikrofoni ya mtutu ya stirio aje nayo Ibadakuli kwenye mashindano. Alishuka kwenye basi amebeba kitu kilichovikwa koti la manyoya, watoto wakadhani ni mnyama. Manyoya hayo si urembo. Kiangazi cha Shinyanga kina upepo, hasa huku wazi karibu na uwanja wa ndege, na upepo ukigonga mtutu ulio uchi unasikika kama lori linapita juu ya bati.

Tulibishana kidogo. Yeye, kwa mazoea ya harusini, alitaka kuelekeza mtutu kwa manju. Nikamuuliza, manju yupi? Wako wawili. Hatimaye tuliusimika nyuma kidogo ya mstari wa katikati, juu ya vichwa vya watu, ukitazama lile pengo kati ya makundi: Bagalu kushoto, Bagika kulia, umati mbele yetu. Nikavaa hedifoni.

Jamani. Ngoma nzito zilikuwa kila mahali, kama alivyonionya. Lakini njuga, filimbi na sauti za mamanju zilikuwa zimekaa kila moja kwenye kiti chake. Baada ya kama saa moja Bagika walifanya jambo ambalo sikuliona, maana nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia kicheko kulia. Kisha miguu. Kisha akina mama waliokuwa kushoto wakaanza kupita mbele yangu, mazungumzo yao yakihama kutoka sikio hadi sikio, na kushoto kukawa kupana, kukapwaya, manju wa Bagalu akabaki anaimba na mwangwi wake. Nilikuwa nasikia kura zikihesabiwa.

Jioni tulimvisha babu zile hedifoni. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akageuza kichwa kushoto, kama mtu aliyeitwa. Baadaye akageuka kulia taratibu, akasonya. Hakuna aliyemweleza chochote.

Kesho yake kijana wa jirani aliomba kipande kidogo akipige kwenye simu yake, na ile simu ina spika moja. Babu akasikiliza, akakunja uso. "Mbona mmezichanganya tena?" Hatukuwa tumechanganya kitu. Simu ilikuwa imejumlisha, Pembeni ikajifuta, na kilichobaki mbele ni umati uliokuwa katikati, makundi yote mawili yakasogea nyuma kama wageni waalikwa. Kwa hiyo msomaji, usidhani nimekuja kukuuzia maikrofoni. Tunaweza kurekodi kwa masikio mawili na bado tukasikiliza kwa moja. Wengi wetu tunasikiliza hivyo.

Kabla hajapanda basi, fundi aliomba kuisikia kaseti ya babu. Mimi nilikuwa nimeikatia tamaa. Yeye akaniambia nisisikilize ukubwa wa sauti, kwa sababu redio kaseti zile zilijipandisha na kujishusha zenyewe. Kikipungua kitu inaongeza, kikizidi inabana, kila kitu kinalingana. "Sikiliza njuga," alisema. Sauti nyembamba hazivumilii umbali na umati wa watu. Njuga ukizisikia kwa ukali wake, mguu uko karibu nawe. Ukisikia ngoma tupu, uko mbali.

Tukasikiliza njuga. Dakika 20 za mwanzo ziko wazi, na maneno ya manju wa Bagalu unaweza kuyaandika. Halafu, upande wa pili wa kaseti haujafika, kuna mkwaruzo, mguno wa mtu mzima anayeinuka, na pumzi. Njuga zile zinafifia. Zinakuja nyingine, zenye mwendo mwingine, karibu mpaka unasikia vumbi. Na manju unayemsikia maneno yake sasa ni yule wa Bagika. Inakwenda hivyo hadi tepu inakwisha.

Kaseti haisemi nani alishinda uwanja mzima. Sikio moja haliwezi. Lakini kama kazi za Tracey, inasema mshika mashine alisimama wapi na lini alihama. Ilikuwa na kura moja tu ndani yake, na kura hiyo tumeipata baada ya miaka 30 na kitu.

Nilimtazama babu. Shemeji yake naye alikuwa pale, ameshaanza kutabasamu.

"Nilikwenda kuangalia tu," babu akasema. "Mtu haruhusiwi kuangalia?"